Greda si zawadi ya diwani



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya diwani na barabara za mitaani. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, elimu yangu ni ya kidato cha nne, sikusomea uhandisi wala sheria. Kwa hiyo nitazungumza kwa lugha ya kijiweni. Wewe unayesoma maneno haya ukiwa umekaa juu ya bodaboda yako, au unasubiri daladala ijae, au umejibanza kwenye kibanda cha chipsi mvua ipungue, mazungumzo haya ni yako.

Hotuba ya diwani unaijua. Sote tunaijua kwa moyo. Jioni yanafungwa maturubai, vinapangwa viti vya plastiki, kipaza sauti kinakoroma. Mheshimiwa anasimama: "Ndugu wananchi, kilio chenu cha barabara nimekisikia. Nimehangaika usiku na mchana. Wiki ijayo greda linaingia mtaani!" Makofi. Akina mama wanapiga vigelegele. Vijana watatu wanne waliopewa fulana na hela ya soda wanaimba jina lake.

Wiki ijayo kweli greda linaingia. Linakwangua, kifusi kinamwagwa, linaondoka. Masika yanafika, kifusi chote kinachukuliwa na maji, na kwa kuwa mtaro haupo, kinakwenda kulala sebuleni kwa bibi wa nyumba ya bondeni. Mwaka unaofuata diwani anarudi na maturubai yaleyale na hotuba ileile. Na sisi tunapiga makofi yaleyale!

Jambo ninalotaka kukwambia leo ni moja tu. Greda si zawadi. Greda limeshalipiwa, na mmoja wa waliolipia ni wewe. Mtu aliyelipia mzigo hampigii makofi mwenye duka. Anaukagua mzigo, kisha anadai risiti.

Utaniuliza, mimi kapuku nimelipia lini? Tufanye hesabu. Baba zetu walikimbizana na mgambo kwa ajili ya kodi ya maendeleo mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Tangu hapo vijana wengi wanadhani hawalipi kodi. Wanajidanganya. Siku hizi hukimbizwi na mtu, kodi inakufuata yenyewe mpaka kituo cha mafuta. Katika kila lita ya petroli na dizeli imo tozo ya barabara. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya sh 100 kwa kila lita, na Serikali ilisema wazi kwamba fedha hizo ni za barabara za vijijini na mijini, yaani hizi za mitaani kwetu.

Chukua kijana wa bodaboda anayetia lita tatu kwa siku. Kwa hiyo nyongeza ya sh 100 peke yake, ametoa sh 300 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni sh 7,800. Kwa mwaka ni sh 93,600. Hapo sijagusa tozo iliyokuwapo kabla ya nyongeza hiyo. Kijiwe chenye bodaboda 20 kinatoa sh 1,872,000 kwa mwaka. Asiye na pikipiki naye hajapona, maana nauli ya daladala na bei ya nyanya zinabeba mafuta ndani yake. Na tangu mwaka huo huo wa 2021, kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Nyumba si yako, lakini mara nyingi anayenunua umeme ni wewe mpangaji.

Sasa mtu huyo anayetoa fedha zote hizo ndiye anayeambiwa apige makofi kwa tripu tatu za kifusi. Jamani!

Hapa ndipo penye changa la macho la pili. Baada ya kukwambia kwamba greda si zawadi, lazima nikwambie pia kwamba mara nyingi diwani si mwenye greda. Barabara kuu na za mikoa, kama ya Morogoro, ya Kilwa na ya Nyerere hapa Dar es Salaam, zinasimamiwa na TANROADS. Hizi za mitaani zamani zilikuwa mikononi mwa halmashauri yenyewe, ikiwa na mhandisi wake na fungu lake. Mwaka 2017 Serikali iliunda TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulio chini ya TAMISEMI. Tangu Julai mwaka huo barabara za halmashauri zikahamia huko, pamoja na fedha zake. Madiwani wengi nchini walinung'unika, na kunung'unika kwao kulikuwa na sababu. Mwananchi ameendelea kumdai diwani barabara, na fungu la barabara limekaa mezani kwa meneja wa wakala ambaye hakupigiwa kura na mtu.

Kwa hiyo diwani anayesimama na kusema "nitawajengea lami" bila kukueleza fedha inatoka wapi, anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Lakini na yule anayesema "hilo si langu, kawaulizeni TARURA" naye anakwepa kazi. Kazi ya diwani ipo, na ni kubwa. Yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo wenyeviti wa mitaa wanakaa naye na kupanga kata inataka nini kwanza. Yeye ndiye anayeingia Baraza la Madiwani, linalokutana kila baada ya miezi mitatu, na humo ndimo watendaji wanamotakiwa kujibu maswali. Hatukumchagua awe mkandarasi. Tulimchagua aulize kwa niaba yetu, arudi na majibu, na majibu yakiwa mabovu aulize tena. Diwani bubu ni hasara hata akivaa suti ya namna gani.

Wapo wanaosema, basi madiwani wa nini, si bora wafutwe wataalamu wafanye kazi? Wazo hilo limeshajaribiwa katika nchi hii, si mara moja. Mwaka 1972 Serikali ilizivunja halmashauri, mambo yote yakapelekwa mikoani na wilayani. Miji ikaoza. Taka zikalundikana, mitaro ikaziba, kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa tena, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja mpaka mwaka 2000, ndipo zikaja manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Februari 2021 Jiji likavunjwa kwa mara nyingine, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji.

Nawajua wazee wanaoisifu Tume mpaka leo kwa kuondoa taka na kuziba mashimo. Sibishani nao. Ila tume ikifanya vizuri unashukuru, ikifanya vibaya huna karatasi ya kuiondolea. Diwani mbovu ana mwisho wake, nao ni siku ya kupiga kura. Kiti hicho ndicho mlango wetu wa karibu kuliko yote kuingia serikalini. Tusipoutumia, siku moja tutaamka tukute umezibwa kwa matofali, na hatutakuwa na wa kumuuliza.

Nirudi kwenye barabara yenyewe, maana huwezi kukagua mzigo usioujua.

Wengi wetu tukiona barabara imechimbika tunayalaumu malori. Adui wa kwanza wa barabara ni maji. Barabara inatakiwa iinuke katikati kama mgongo, ili maji yateremke pande zote mbili, yaingie mtaroni, mtaro uyapeleke kwenye mtaro mkubwa, na huo uyapeleke mtoni. Kiungo kimoja kikikosekana, maji yanakaa. Yakikaa yanazama chini ya lami au kifusi, udongo unalainika, na gari linalofuata linamalizia tu kazi iliyokwisha kufanyika. Mtaro unaoishia nyuma ya nyumba ya mtu haufai kuitwa mtaro. Ni kesi inayosubiri mvua.

Kifusi nacho kina kanuni zake. Kinatandazwa tabaka moja, kinanyunyiziwa maji, kinashindiliwa, ndipo linakuja tabaka jingine. Ukiona greda limekuja peke yake, bila boza la maji na bila rola, ujue hapo wanatifua vumbi la uchaguzi. Ukiona kinachomwagwa ni matofali ya nyumba iliyobomolewa yenye misumari ndani, ujue tairi lako ndilo litakalolipa. Na kifusi kikimwagwa juu ya kifusi kila mwaka, barabara inapanda na nyumba zinabaki shimoni. Pita mitaa yetu uone milango ambayo zamani ilikuwa na ngazi za kupandia, leo ina ngazi za kushukia.

Viraka vya lami ni hivyo hivyo. Shimo hukatwa kingo zikawa sawa, vumbi likafagiliwa, ikapakwa lami ya kushikia, likajazwa na kushindiliwa. Kijana akishusha lami kwa koleo juu ya shimo lenye maji na kuipigapiga kwa mgongo wa koleo, kiraka hicho hakifiki Krismasi.

Mambo haya yana uzito wa roho za watu. Desemba 2011 mvua zilishuka Dar es Salaam kwa siku chache tu, watu wapatao 40 wakafa, na wakazi wengi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Hata pasipo mafuriko, barabara ikikatika mtaani kwako daladala inageuzia mbali, mama mjamzito anabebwa kwenye kiti cha plastiki usiku, zimamoto haliingii, na wewe wa bodaboda unabadilisha shokamzoba kila baada ya miezi michache.

Sasa utasema, mwandishi, sisi walalahoi tutafanya nini? Nikupe mifano miwili ya watu kama sisi.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walichoshwa na moshi na uvundo wa dampo ambalo Halmashauri ya Jiji ililiweka katikati ya makazi yao. Walikwenda Mahakama Kuu. Mahakama ikaiamuru Halmashauri iache kutupa taka pale. Halmashauri ikarudi mara kadhaa kuomba iongezewe muda, na mwishowe mahakama ikakataa. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Waliotenda hayo walikuwa wananchi waliokuwa na karatasi, tarehe na ushahidi, tena kabla ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992.

Mfano wa pili ni Hananasif, Kinondoni. Mtaa ulikuwa unajaa maji kila masika. Kuanzia mwaka 1994 wakazi, kwa kusaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, walijenga mitaro ya maji ya mvua na barabara za changarawe kwa kazi ya mikono. Waliofanya kazi walikuwa watu wa mtaa wenyewe, wanaume kwa wanawake, na walilipwa ujira wao. Fedha ikabaki mtaani, ujuzi ukabaki mtaani, na aliyechimba mtaro kwa jasho lake hakutaka kuona jirani akitupa taka ndani yake.

Njia hiyo haijafungwa. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yake kwa vikundi maalumu, na vijana wamo. Kuzibua mitaro na kufyeka kando ya barabara ni kazi ambayo kikundi cha vijana kumi waliojiandikisha kinaiweza bila trekta. Tena ipo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo isiyo na riba. Nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024. Kikundi kikipata mkopo wa toyo ya kuzolea taka, kimepata ajira na mtaa umepata usafi. Umewahi kumsikia diwani wako akiyatangaza haya kwenye kipaza sauti kwa bidii ile ile anayoitangaza greda? Kama hujamsikia, jiulize ni kwa nini, halafu muulize yeye.

Hivyo basi, mkutano ujao ukiitishwa, nenda. Usikae nyuma ukitafuna miwa. Nyoosha mkono, simama, sema kwa adabu "Mheshimiwa diwani", kisha uliza maswali haya manne.

La kwanza: barabara hii ni ya nani? Ni ya TANROADS, ni ya TARURA, au ni njia isiyomo kwenye orodha ya mtu yeyote? Barabara isiyo kwenye orodha haipati fungu hata ungelia machozi ya damu. Kama haimo, diwani atueleze lini atapeleka jina lake liingizwe.

La pili: imo katika mpango wa mwaka huu wa fedha, na kwa shilingi ngapi? Kumbuka mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, na makadirio yanaandaliwa miezi mingi kabla. Ukisubiri masika ndipo upige kelele, fedha ya mwaka huo imeshagawanywa. Swali la barabara liulizwe wakati wa kiangazi, vumbi likiwa machoni.

La tatu: mkandarasi ni nani, mkataba unamtaka afanye nini, na kazi ikiharibika ana wajibu wa kurudi kuirekebisha kwa gharama yake mpaka lini? Hili ndilo swali linalowatoa jasho wengi. Mita 800 za mkataba zisiwe mita 500 za barabarani. Kuzipima hakuhitaji shahada. Kamba na vijana wawili wanatosha.

La nne: maji yatakwenda wapi? Aoneshe kwa kidole mtaro unaanzia wapi na unaishia wapi.

Majibu yaandike. Andika tarehe, andika nani kasema. Mkutano unaofuata yasome kwa sauti mbele ya watu. Hapo hutukani mtu wala huvunji amani. Mkutano wa mtaa ni haki ya kila mkazi mtu mzima, na vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa mwananchi kwenda kusikiliza. Nenda ukaone kama diwani wako anafungua mdomo humo au anasubiri posho.

Kabla sijamaliza, na sisi tuambiane ukweli, maana nyani haoni kundule. Mtaro ukichimbwa leo, kesho umejaa chupa za maji na maganda ya miwa. Nani kazitupa, diwani? Mvua ikinyesha usiku, jirani anatapisha choo, uchafu wote unapita mlangoni kwa mwenzake, na sote tunajifanya tumelala. Mtu anajenga fremu ya duka juu ya mtaro, tunamshangilia kwa kuwa ni mjanja wa mjini. Ukimdai diwani mtaro asubuhi na kuuziba jioni, umempa sababu ya kukucheka. Mtaa wenye uso mkavu wa kumkemea jirani ndio utakaokuwa na uso mkavu wa kumkemea kiongozi.

Na ile fulana na hela ya soda. Ndugu yangu, njaa naijua, sikuhubirii. Lakini tulishapiga hesabu hapa kwamba wewe wa bodaboda unatoa sh 93,600 kwa mwaka kwa barabara. Anayekupa elfu mbili uimbe jina lake na usiulize swali amekununua kwa bei ya kutupa, tena kwa mtaji uliotoka mfukoni mwako.

Nimemaliza. Daftari dogo na kalamu vinauzwa duka la jirani. Nunua leo, andika maswali manne kwenye ukurasa wa kwanza, na kurasa zinazobaki ziachie majibu ya mheshimiwa.